Nguo Zisizo na Mafundo

Narcisse alifika Malawi na kaye mbili, daftari zake za filozofi, ndani ya mfuko, na hakujua hata kupitisha uzi kwenye sindano. Leo pale Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, batoto banamuita Fundi. Bale tunaomjua tangu zamani tunamuita Mwalimu. Anaitika majina yote mawili bila kuinua kichwa kutoka ku cherehani.

Kwao ni Bukavu. Kule alifundisha kalasi ya mwisho ya sekonderi miaka kumi na moja, na somo alilolipenda ni lile la roho. Mi nilisoma miaka miwili tu, na hata ile miwili haikutimia, lakini nimekaa mbele ya cherehani yake muda mrefu kuliko mwanafunzi wake yeyote. Lile somo nalijua.

Alikuwa anasema hivi, huku mguu unakanyaga:

"Kuko bale banasema roho ni mpangaji. Mwili ni nyumba ya kukodi. Siku ikifika, mpangaji anabeba vyake, anatoka. Kuko bengine banasema hapana, angalia hii shemizi. Kitambaa iko, uzi iko, lakini shemizi ni vile vimeshonwa pamoja. Ukifumua, kitambaa inabaki, uzi inabaki. Shemizi imeenda wapi? Haijaenda fasi yoyote. Na kuko bale banasema roho ni jina tu, bantu balilitunga sababu ya woga."

Sinzinkayo, mshona viatu wa jirani, alimuuliza siku moja: "Na we Mwalimu, uko upande gani?"

"Mi niko upande wa cherehani."

Tukacheka. Lakini tangu hapo sijamsikia akijibu zaidi ya hivyo.

Zamani duka lake lilikuwa Lilongwe, Area 36, karibu na soko. Mi nilikuwa nauza mboga mbele ya mlango wake. Mke wake alikuwa Cécile, mwanamke mwembamba, mwenye maneno makali, aliyemfundisha kushona yeye mwenyewe. Alikuwa anamuambia mbele ya bateja: "Ulifundisha batoto ya bantu miaka yote ile mambo ya mbinguni, na kifungo kinakushinda?" Alikufa kwa malaria, siku nne tu. Narcisse alimshonea gauni la mwisho, na kwa sababu alitaka mke wake aone huko aliko kwamba amejifunza, aliushona ule mshono kwa nguvu zote: kila mwisho alirudisha mashini nyuma mara tatu, akafunga uzi mbili pamoja, akakata. Hata kwa kuvuta usingepasua. Mimi na bamama batatu njo tulimuosha Cécile na kumvalisha.

Hapa nieleze ile kazi yetu, sababu bila hiyo hadithi haitembei. Mu kanisa letu bamama banaoshwa na bamama, na babaume banaoshwa na babaume. Mlango ukifungwa, kile tunachoona na kile tunachofanya kinabaki mule ndani. Hatumwambii mume, hatumwambii mtoto, hatumwambii pasta. Mi nimeishika hiyo sheria tangu Kongo, na sikuwahi kuivunja, na sikuwa na mpango wa kuivunja.

Mwaka mmoja baada ya Cécile, akafa Bayingana, mzee wa Rwanda aliyekuwa anauza sabuni. Mke wake Mukandutiye alikuja kwa Narcisse na kitambaa mkononi. Nilikuwepo.

"Mwalimu, unishonee shemizi ya mzee. Lakini usifunge."

"Nisifunge nini, mama?"

"Mafundo. Ushone, lakini mwisho uache uzi unaning'inia. Kwetu, kwa baba yangu, mtu akifa banamfungua kila kitu. Mkanda, shanga, hata nywele. Kile kivuli cha mtu njo kinatoka, na kivuli hakijui kufungua. Ukimfunga, kinazunguka mule mule ndani."

Narcisse alikunjua kitambaa mezani. Mi nilifikiri atamletea habari ya mpangaji na nyumba ya kukodi. Hakuleta. Akashona vile alivyoambiwa. Shemizi ilikaa vizuri, ila kila mwisho wa mshono uzi mbili zinaning'inia kama ndevu za mbuzi.

Habari ikaenea. Banyarwanda bengine bakaomba vile vile, halafu Barundi, halafu hata bale wa Bukavu ambao nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusikia jambo la namna ile. Serikali iliposema wakimbizi wote turudi kambini, duka likahamia Dzaleka, na desturi ikahamia nayo. Sasa kambini ukisema "nguo ya Narcisse", kila mtu anajua ni ya kuzikia. Alipiga misumari miwili ukutani. Wa kulia ni wa nguo ya mtu aliye hai, yenye mafundo. Wa kushoto ni wa nguo ya mfu. Hata mimi nisiyesoma vikaratasi vyake vya majina nilikuwa naingia, nachukua ya kushoto, natoka.

Mwaka jana Mukandutiye alianza kuugua. Akaja mwenyewe, anatembea na fimbo, akataka gauni lake lishonwe mapema. Alitaka sare ya bamama wa kanisa, ile ya bluu yenye kola nyeupe. Narcisse akampima.

"Unapima kiuno cha nini?" Mukandutiye akamuuliza. "Sitacheza."

"Unaweza kubadili mawazo, mama."

"Mwalimu, usinichekeshe, nakohoa. Sikiliza. Bengine ukibasahau, ni shauri yako na bo. Mimi usinisahau. Hakuna fundo hata moja. Unaniahidi?"

"Nakuahidi."

"Sema kwa mdomo mzima."

"Nakuahidi, mama. Hakuna fundo hata moja."

Gauni likaning'inia ku msumari wa kushoto miezi mitano.

Mukandutiye alikufa mwezi wa mvua, siku ya Alhamisi. Wiki ile ile Narcisse alikuwa amemaliza sare ya Olga, mama mgeni kutoka Bukavu aliyekuwa anapokelewa katika chama chetu. Bluu ile ile, kola ile ile, na hizi sare ni pana, hazijali mtu. Jumatano mvua ilipita kwenye bati upande wa kushoto. Narcisse akahamisha gauni la Mukandutiye kulia lisilowe, na la Olga, ambalo lilikuwa ndani ya plastiki, akalipeleka kushoto. Asubuhi ya Alhamisi alipoitwa kwenda kusaidia habari ya sanduku, akaacha mlango wazi kwa sababu alijua nitapita. Nikapita. Nikachukua ya kushoto.

Tukamuosha Mukandutiye, tukamvalisha, tukamzika pale pale Dzaleka. Mtoto wake wa pekee, Kamaliza, alikuja kutoka Likuni, ambako ameolewa na Mmalawi na anafanya kazi ya kufua mashuka ya bagonjwa. Hakulia sana. Alimshika Narcisse mkono kaburini akamshukuru kwa Kichewa, "Zikomo, Mwalimu. Mama aliniambia ulimuahidi." Tukapanga siku ya kumaliza kilio iwe Jumamosi ya kwanza ya mwezi unaofuata.

Kilio kikaendelea kwa utaratibu wake hadi Jumapili ya tatu, siku ya kumpokea Olga. Olga ni mwanamke wa kucheza. Wakati wa kupeleka sadaka alitoka mbele ya mustari, akazunguka mara moja, akazunguka mara ya pili, na mshono wa ubavuni ukafunguka kutoka kwapani mpaka kwenye nyonga. Yeye alifikiri ni upepo. Esperance, mmoja wa bale tunaoosha nao, alikuwa nyuma yake, akamrukia na kitenge. Bakwaya bakakosa wimbo kwa kucheka.

Ibada haijaisha vizuri, Olga yuko mlangoni kwa Narcisse na gauni mkononi.

"Fundi! Ulinishonea gauni ao ulinishonea pazia?"

"Lete nione, mama."

"Uone nini? Kanisa nzima imeona!"

Narcisse akaligeuza ndani nje. Akafuata mshono kwa kidole mpaka mwisho. Uzi mbili zinaning'inia. Akafuata mwingine. Uzi mbili zinaning'inia. Akakaa chini juu ya kiti cha bateja, jambo ambalo hafanyi.

"Mama Olga," akasema, "nitakushonea upya. Kosa ni langu."

Olga alipoondoka, Narcisse akanigeukia mimi, niliyekuja nyuma ya Olga. "Mama Ntwari, ile Alhamisi ulichukua ya wapi?"

"Ya kushoto. Kama siku zote."

Akanieleza habari ya mvua. Sikumpa nafasi ya kunilaumu, na yeye hakujaribu. Nikamwambia, "Nyamaza tu. Nani anajua? We na mimi. Olga anafikiri ni uzi mbaya."

"Mukandutiye anajua."

"We njo ulisema roho ni jina tu."

"Sikusema. Nilisema kuko bale banasema." Akalikunja gauni juu ya magoti. "Angalia, Mama Ntwari. Kama Mukandutiye haiko fasi yoyote, basi hakuna mtu niliyemkosea. Ahadi imekufa na mwenye ahadi, mi naweza kulala. Lakini silali. Sasa niambie, nimemkosea nani?"

Mi si mtu wa masomo. Nilimwambia tu kama anaenda Likuni haendi peke yake, sababu mkono uliochukua ni wangu.

Tulienda siku ya Jumanne. Kabaza, baiskeli ya kukodi, mpaka barabarani, gari mpaka Lilongwe, gari ingine mpaka Likuni. Njia nzima Narcisse alikuwa na lile gauni ndani ya mfuko, ameuweka kifuani kama mtu anayebeba mayai.

Kamaliza alikuwa ametoka kazini. Akatuwekea nsima na majani ya maboga, akakaa mbele yetu. Narcisse hakugusa chakula. Alimweleza yote kwa mfuatano: mvua, misumari, Olga, kanisa. Akamaliza hivi: "Mama yako amezikwa na mafundo. Niliyafunga mimi mwenyewe, mara tatu tatu."

Kamaliza akanitazama mimi. "Mukecuru, mama mzee, we njo ulichukua?"

"Mi njo nilichukua. Kutoka kushoto."

"Basi tufukue."

"Mwanangu," Narcisse akasema, "ardhi ile ni ya mfumu, chifu wa kule. Kaburi halifunguliwi hivi hivi. Batataka polisi na karatasi. Utabaambia nini?"

"Nitabaambia mama amefungwa."

Akaanza kutoa sahani, vyakula vyetu bado viko. Halafu akazirudisha mezani.

"Mwalimu, we ulisoma. Mimi siwezi kumaliza kilio cha mtu ambaye hajaondoka. Niambie kitu kimoja tu. Mama amefungwa, ao hajafungwa? Ukisema hajafungwa, Jumamosi tunamaliza. Ukisema amefungwa, kesho niko kwa mfumu, na akinikatalia nachimba mwenyewe, banifunge."

"Sijui."

"Sijui si jibu."

"Njo jibu nililo nalo. Nimelitafuta miaka yote."

"Kama hujui, kwa nini ulishona vile?"

"Sababu bale baliokuja kuniomba balikuwa banajua."

"Basi na mimi najua. Mama alijua, na mimi najua. Sema."

Narcisse alifungua mdomo. "Nikisema hajafungwa, nitakuwa nakudanganya ili ukae kimya. Na nikisema amefungwa..."

Hapo akaishia. Kamaliza alifikiri anatafuta neno. Mimi nilijua halitafuti. Nilikuwa naliona lile neno limekaa mezani pamoja na sisi. Kama mafundo yanafunga, Cécile amefungwa Lilongwe tangu miaka ile, na aliyemfunga ni mume wake, kwa mshono mzuri kuliko yote aliyowahi kushona.

Mi nilikuwa na lile jambo tangu Jumapili. Nilikuja nalo Likuni, na nilikuwa na nia ya kurudi nalo. Nilifikiri Kamaliza atasamehe, tutakula, tutarudi. Lakini msichana alikuwa anaongea habari ya jembe, na ni mtu wa kufanya anachosema, kama mama yake. Na jela ya Malawi si mahali pa mtoto wa mtu. Nikasukuma sahani.

"Gauni la mama yako halijafungwa," nikasema. "Nililipasua."

Bakaniangalia wote wawili.

"Mfu anakauka. Mikono haikunjiki. Huwezi kumwingiza gauni kichwani kama mtoto anayeenda shule. Tunapasua mgongo kwa makasi, kutoka kola mpaka chini kwenye pindo, tunaingiza mkono huu, tunaingiza mkono huu, halafu tunamlaza juu ya zile pande mbili. Ukimuona ndani ya sanduku, mbele amevaa. Nyuma ni wazi. Hivyo njo tulimfanyia mama yako. Na mmeshanitoa neno ambalo halipaswi kutoka, basi msiniulize lingine."

Kamaliza akauliza: "Kola pia?"

"Kola kwanza. Njo iko ngumu."

"Na mafundo ya ubavuni?"

"Yako pale. Sikuyagusa."

Akafikiri. Halafu mabega yakaanza kutikisika, nikajua anacheka, sababu mama yake pia alikuwa anacheka kwa mabega bila sauti. "Mama yangu," akasema, "alitoka Rwanda kwa miguu mpaka Kongo, na Kongo mpaka hapa. Hawezi kushindwa kutoka kwenye gauni lililopasuka mgongo mzima." Akajifuta macho kwa kitenge. "Kuleni. Inapoa."

Mi nikala. Narcisse alikuwa bado ananitazama.

"Yote?" akauliza.

"Nini yote?"

"Nguo zote nilizoshona. Zisizo na mafundo. Mnazipasua?"

"Ya babaume sijui, uliza babaume. Ya bamama, yote."

"Basi miaka hii yote nilikuwa nashonea nani?"

"Ulikuwa unatushonea sisi. Zako zinapasuka vizuri."

Kamaliza akacheka tena. Narcisse hakucheka, lakini alivuta sahani.

Alimwachia Kamaliza lile gauni la mfuko, sababu lilipimwa ku mwili wa mama yake. Kamaliza akalirudisha. "Mpe yule mama aliyecheza. Ulifunge vizuri, ndani ya kanisa asiumbuke tena. Mama alipenda bantu banaocheza, hata kama alikuwa anabasema."

Tuliporudi tulishuka Lilongwe mjini, sababu Narcisse alitaka uzi. Ndani ya duka alichagua muda mrefu, akashika bluu, akarudisha, akashika bluu ingine. Akiwa bado ameangalia uzi, akauliza:

"Na Cécile?"

"Na yeye."

"Mpaka chini?"

"Mpaka kwenye pindo. Kitambaa chako kilitusumbua, mshono ulikuwa mgumu. Ilibidi Esperance ashike upande mmoja."

"Kwa makasi gani?"

"Ya kwako. Ilikuwa mezani."

Akatingisha kichwa mara moja, kama mtu aliyeambiwa saa ya gari kuondoka. Akachukua uzi wa bluu, akalipa, tukaenda kupanda gari.

Jumamosi tulimaliza kilio cha Mukandutiye. Kamaliza alikunywa fanta na sisi mpaka jioni. Olga alivaa gauni lake, limefungwa mara tatu kila mwisho, akacheza bila woga. Bale batatu tunaoosha nao nilibaambia mwenyewe kwamba nimevunja sheria, na kwa nini. Babili balielewa. Esperance bado ananisalimia kwa kichwa tu, na mi namrudishia kwa kichwa tu, tutaona nani atachoka mbele.

Mwezi uliopita alikufa mama mkwe wa jirani yetu Niyibizi. Nikapita kwa Narcisse asubuhi. Alikuwepo, anakanyaga cherehani, hakuinua kichwa. Sinzinkayo alikuwa anamuuliza tena habari ya mpangaji na nyumba ya kukodi, na yeye alikuwa anaeleza vile vile kama zamani: kuko bale banasema, kuko bengine banasema.

Nikachukua ya kushoto. Nilipolifungua, mlango umeshafungwa, tuko wanne na mfu wetu, nikaona uzi zinaning'inia kila mwisho, hakuna fundo hata moja. Na kwa nyuma, katikati, kutoka kola mpaka kwenye pindo, alikuwa amechora mustari wa chaki, umenyooka.

Nikakata kwa kuufuata.